Nyuzi za Gitaa la Kaka Yako

Jumapili, 9 Juni

Shemeji yangu,

Hatujambo. Paa limeacha kuvuja, na Mama anakula vizuri.

Kaka yako tulimzika Alhamisi. Wanamgambo waliompiga risasi kwenye kizuizi cha barabarani walikuwa wanaimba wimbo wake, ule alioutunga kwa harusi yetu. Wameyageuza maneno. Palipokuwa na "bibi harusi, karibu nyumbani", wao wanaimba habari za kuchoma nyumba. Kosa lake ni kuwaambia, "Jamani, hayo si maneno yangu."

Kamanda wao akathubutu kuja msibani. Akalitungua gitaa ukutani. "Pole, mama. Tupigieni ule wimbo, tumuage shujaa wetu."

Shujaa wao! Nilimnyang'anya, nikachukua koleo nikaanza kuzikata nyuzi mbele yake. "Mwenyewe mmemuua. Wimbo wake hamuupati!"

Mama akasema, "Kata na ule mwembamba, mkwe wangu."

Kamanda akaondoka. Lakini redio yao inaendelea kuupiga kila siku kwa maneno yao, na hapa hakuna anayethubutu kuimba maneno ya kaka yako. Wewe unayajua. Yaimbe huko uliko, kwenye kila harusi. Ukifika penye jina langu, usiliruke. Unikumbuke.

Mke wa kaka yako