Dakika Kumi na Moja Kabatini

Shosti, nilisikia "ta!" tu, mlango wa kabati la nguo ukajifunga, nami niko ndani, giza totoro.

Usicheke kwanza! Unaikumbuka ile filamu ya Jumamosi, muuaji anajificha kabatini siku tatu halafu anatoka na shati limenyooka kama limetoka kupigwa pasi? Ukumbi mzima ulicheka, hata mkata tiketi akaingia kucheka. Nikaapa muuaji wa riwaya yangu, naye anajificha kabatini, hatachekwa hivyo. Mwalimu wetu wa uandishi wa jioni si alisema tujaribu kwanza ndipo tuandike? Basi nikajaribu.

Sasa sikia. Mama mkwe akaingia chumbani, akaketi kitandani, akampigia simu wifi yangu. "Huyu mkwe wangu, masomo ya jioni yanamharibu. Mwezi huu ndio mwisho, akienda huko mtoto simshiki tena."

Simshiki tena! Na mimi namsikia, hanga ya koti inanichoma mgongoni!

Nikausukuma mlango kwa goti, nikaanguka miguuni pake na makoti mawili. Alipiga yowe mpaka jirani akagonga ukuta.

"Ulikuwa unafanya nini humo?"

"Kazi, mama. Dakika kumi na moja tu, mguu umekufa ganzi. Muuaji wangu hawezi kukimbia. Na darasani nitaenda, hata kwa kumbeba mtoto mgongoni."

Nilisema hivyo hivyo, shosti! Soksi ya mume wangu ikiwa begani!

Ndipo binti yangu, huyo mtoto mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni pa chumba muda wote, akamshika bibi yake mkono, akamvuta kuelekea kabatini.

"Bibi, sasa ingia wewe."