Siku Niliyofuta DOS

Dada yangu Nekesa,

Leo nimefunga duka mapema nikuandikie. Atakayekusomea barua hii asome polepole, asiruke kitu.

Unakumbuka tulivyohama kutoka Silanga? Tulitaka chumba chenye stima tu, tuweke kompyuta. Tukapata hapa mtaa wa Satellite. Mbele tukawa tunawapigia watu chapa barua zao, nyuma ya pazia tunalala. Wewe ulikuwa mtu wa DOS: skrini nyeusi, maandishi meupe, amri zote ziko kichwani. Mimi nilikuwa nimeandikwa kazi ofisi moja mjini, na huko Windows ilikuwa imeshaingia. Kila jioni nilikusumbua.

"Dada, hii yetu imepitwa. Huko ni kubonyeza picha tu."

"Kazi inatoka ama haitoki?" ulinijibu. "Basi wachana na mimi."

Sikuachana na wewe. Jumapili moja ulipoenda kanisani, nilifuta DOS nikaweka Windows kwa disketi nilizoazima. Nilidhani nakuandalia zawadi.

Mchana ukarudi, na nyuma yako mzee mmoja wa Kawangware, anataka barua ya kuomba kazi ya uaskari. Ukakaa, ukashika mausi.

"Mshale uko wapi?"

"Si huo hapo mbele yako!" Nikacheka. Mzee naye akacheka.

Uliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Halafu ukainuka. "Mzee, huyu mdogo wangu atakuandikia."

Mzee alipoenda nilikukuta umekaa kitandani, mikono magotini.

"Nafula, sioni vizuri. Karibu mwaka sasa. Kwa DOS vidole vinajua njia. Huo mshale ni wa watu wenye macho."

Nilirudisha DOS siku hiyo hiyo. Tangu hapo ukawa unaandika, nami nakusomea kabla hatujachapisha. "Hapo kuna koma!" ulinikemea nikipita bila kupumua, tukacheka mpaka jirani akagonga mabati. Sijawahi kuishi vizuri kama miezi ile.

Halafu macho yakazima kabisa, Mama akaja akakupeleka Bungoma.

Niliacha kazi ya mjini nikashika duka. Mwaka mzima nimekataa kuibadilisha hiyo mashine. Wateja wanaleta disketi zao za Windows kutoka maofisini, hazifunguki, wanaenda kwingine. Nawaambia mashine ni ya dada yangu, yuko njiani anarudi. Juzi nikisema hivyo nilijua sasa najidanganya. Nimekukumbuka sana, dada. Natamani hata kuitwa mvivu na wewe. Asubuhi nafungua mlango, naketi, na kabla sijawasha chochote nakuita kwa jina.

Fundi niliyemwita alikuja jana kuangalia mashine, na kesho anarudi na Windows. Aliniuliza, "Nifute hii DOS yote?"

Nilipitisha kidole juu ya vitufe ulivyovijua bila kuona. Halafu nikamwambia ndiyo.

Nisalimie Mama.

Mdogo wako anayekupenda,
Nafula