Betri ya Pili na Salamu za Absalom

Jumatatu, 5 Mei 1958

Ijulikane kwa wote wanaohusika: kuanzia leo mchana, gari la zahanati ya Ruiru lina betri mbili. Mimi dereva wake nina koti moja, tena la kuazima. Lakini gari — mbili!

Kimeu, fundi wetu wa Thika, ameifunga ile ya pili chini ya kiti cha nyuma, ndani ya sanduku la mbao. Ya zamani itawasha injini. Mpya itailisha redio, ile ya kusema na kujibiwa, basi. Kuna swichi: gari likitembea, dainamo inazijaza zote mbili, likisimama, nazitenganisha. Sista Wakonyo, mkunga wetu, anakalia sanduku lile kama kuku anayeatamia. Nikamwambia hivyo. Akasema likiangua nitalea mimi.

Mwezi jana, kwa betri moja, tuliongea na Thika kwa redio kidogo tu, gari likagoma kuwaka. Wachuma kahawa wakatusukuma wakiimba. Daktari wetu wa hospitali ya Thika hakuimba. Ametupa mpaka mwisho wa mwezi huu: tukishindwa tena, redio inahamia zahanati nyingine. Najua Sista alikuwa anamfikiria Apiyo, mke wa mpasua mawe, aliyeshindwa kujifungua. Novemba. Nilikimbia na gari mpaka Thika kumleta Daktari. Tuliporudi tukakuta watu wamesimama nje, wamevua kofia.

Jumatano, 7 Mei

Redio inaongea! Absalom, karani wa redio kule Thika, anasikika kama yuko mfukoni mwangu. Akauliza habari za nyumbani. Nikampa. Nami nikauliza zake. Watoto, ng'ombe, mahindi, mvua ya Ruiru, mvua ya Thika (ni ileile), mama yake kule Kakamega na goti lake. Mtu hawezi kuingia tu na habari ya kazi kama polisi.

Sista akauliza kama tunachumbiana.

Ijumaa, 9 Mei

Betri mpya imekufa. Ngai, Mungu wangu!

Kimeu akaja, akapima, hakuona ubaya. Akauliza huwa tunasema nini humo. Kazi, nikasema. Sista akakohoa. Basi Kimeu akaeleza: kusikiliza kunakula moto kidogo, kubonyeza kitufe na kusema ndiko kunakoumaliza. Ameichaji, ameirudisha. Amri ya Sista: hakuna salamu hewani.

Jumapili, 11 Mei

Balaa. Jana nilimwita Absalom nikasema, tuko Ruiru, mama na mtoto wazima, mwisho. Bila hata hujambo. Leo kanisani Thika mkewe, Aketch, amemvuta mke wangu Ngina kando: tumewakosea nini nyinyi? Absalom hakula jana usiku!

Nikamfuata Absalom nje, nikamweleza mambo ya betri. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Tumekubaliana: salamu zote Jumapili, mkono kwa mkono.

Jumanne, 13 Mei, Gatongora

Naandika ndani ya gari, mvua inapiga bati la juu. Ngina akiniuliza nitamwambia nilikuwa shujaa. Hapa nisijidanganye.

Tulivuka kijito, maji yakaingia kwenye injini. Tukajikokota mpaka nyumbani kwa Kang'ethe, gari likazima langoni. Mkewe, Waceke, anajifungua mara ya kwanza. Sista akakimbilia ndani. Mimi nikajaribu kuwasha, nikajaribu, nikajaribu, mpaka betri ya zamani ikaisha. Kisha Sista akatoka, mikono ya gauni imekunjwa mpaka viwikoni. "Baba Githinji, mwite Daktari. Mtoto amekingama tumboni."

Nikawasha redio. Taa yake ndogo ikawaka. Hafifu!

Kwa nini hafifu? Kwa sababu leo asubuhi, gari limesimama, Sista akiwa dukani anatafuta sabuni, nilimwita Absalom. Mama yake amefika jana kutoka Kakamega, na lile goti! Ningekosaje kuuliza? Nikauliza. Nikaendelea kuuliza mpaka nikaishiwa na jamaa wa kuwaulizia, na mwendo mfupi wa kuja huku haukutosha kuijaza betri tena.

Basi nikabonyeza. Na mdomo wangu — wenyewe, naapa — ukasema, "Absalom, mama ameamkaje?"

Sista akaninyang'anya kipaza sauti. "Gatongora, kwa Kang'ethe. Mtoto amekingama. Daktari aje." Taa ikasinyaa ikawa kama jicho la panya. Akaachia kitufe.

Mvua. Halafu sauti ya Absalom, mbali sana: "Amesikia. Anatoka."

Akafunga. Hakusema ndugu yangu, hakuuliza watoto. Sijawahi kujibiwa kwa ukavu namna hiyo maishani mwangu. Ningekuwa karibu ningemkumbatia.

Sista yuko ndani. Namsikia akimwambia Waceke apumue tu, asisukume bado, wageni wako njiani. Kang'ethe amesimama hapa dirishani kwangu, analowa, hataki kuingia. Ameniuliza kama kile kisanduku kimeongea na mtu kweli. Nimemwambia kweli. Akauliza mbona maneno yalikuwa machache hivyo.

Sijagusa kitufe tena. Labda limebaki neno moja humo, nalitunza. Mama wa Absalom atanisamehe.

Kuna gari ng'ambo ya kijito. Linabadilisha gia. Laweza kuwa lori la kahawa — hapana, limesimama, linapiga honi. Maji yamepanda. Kang'ethe ameshaanza kukimbia kuteremka. Kamba iko nyuma ya sanduku la betri, naichukua, namfuata tumvushe Daktari.