Bango Kwenye Dirisha la Mama Mkwe

Shangazi Rispa mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa haraka, maana Jumamosi mafundi wanarudi na mpaka sasa sijajua niseme au ninyamaze.

Naishi Likoni, kwenye nyumba ya ghorofa iliyo kando ya barabara ya kuteremkia feri, na nyumba si yetu, ni ya mama mkwe wangu, Bi Mastura, aliyeijenga mwenyewe kwa biashara ya vitambaa, naye tangu apatwe na kiharusi mwaka jana upande mmoja wa mwili haumsaidii tena, kwa hivyo kutwa hukaa juu mbele ya dirisha lake, wapitao humwamkia naye huwaitikia, na jioni hunisimulia nani kapita, nani kaoa, nani kakonda, na hayo, Shangazi, ndiyo maisha aliyobaki nayo.

Sasa mji unajiandaa kwa mashindano makubwa ya kandanda, wageni watakaolala hoteli za kusini watapita hapa kwetu, na kila ukuta unaoonekana barabarani umepata wateja. Alikuja kijana wa kampuni ya mabango, jina lake Morgan, akamwambia mume wangu, Anwar, "Kaka, ukuta kama huu haupatikani Likoni nzima, na mashindano yakishapita hakuna atakayekuuliza tena." Anwar hushughulikia mizigo ya watu bandarini na siku hizi kazi imelala, akakubali, akatia sahihi kama mwenye nyumba, na mimi sitakuficha, nilifurahi. Kisha Morgan akatuonyesha kwenye simu jinsi nyumba itakavyokuwa: mchezaji ameshika chupa ya soda, kichwa chake kimejaa ukuta mzima wa mbele, nami nikatafuta dirisha la Mama nikalikosa. Nikauliza. Morgan akasema, "Hapo ni mabati, dada, lakini ndani tutamwekea taa."

Usiku nilimwambia Anwar hili halifai. Akanijibu, "Hizo pesa ndizo zitakazompeleka Mama kwa daktari wa mazoezi. Wewe wataka atembee, au wataka akae dirishani mpaka afe?" Kisha akaniambia Mama akiniuliza niseme ni mafundi wa rangi. "Ukisema jingine, Swabra, funga nguo zako uende kwenu."

Vyuma vimeshafungwa ukutani. Juzi Mama aliniita.

"Swabra."

"Abee, Mama."

"Vyuma hivi ni vya nini?"

"Ni vya mafundi wa rangi."

"Rangi," akasema, akageuza uso, na jioni ile hakunisimulia habari za mtu yeyote.

Tangu siku hiyo chakula anakionja tu. Nikisema kweli naogopa kuachwa na watoto wangu wadogo, nikinyamaza Jumamosi watamfungia mama wa watu gizani nami nikiwa nimesimama hapo hapo. Nifanyeje?

Swabra, Likoni

*

Swabra mwanangu,

Marahaba. Gazeti hili hutoka Jumapili, na kama ningengoja, ushauri wangu ungekukuta bango limeshapanda. Kwa hivyo nilikupigia simu kwa namba uliyoiacha, na kwa ruhusa yako nayaandika hapa tuliyozungumza, maana si wewe peke yako mwenye ukuta barabarani msimu huu.

Kwanza nilikupa pole, kisha nikakugombeza, na sijutii. Mumeo si mtu mbaya. Ni mwana anayeona mama yake anadhoofika na mfuko wake mtupu, akashika kilichokuwa karibu. Lakini kilichokuwa karibu hakikuwa chake. Na wewe ulimdanganya mtu mzima usoni. Kiharusi kimemwondolea nguvu Bi Mastura, hakikumwondolea akili, na kunyamaza kwake kulikuwa jibu kwako, hukulisikia tu.

Nilikukataza kumchongea mumeo kwa mama yake faraghani. Nilikuambia umwite Anwar mbele ya mama yake, useme, "Mama aliniuliza nami nikasema uongo. Leo mjibu wewe." Basi, usiongeze neno.

Ijumaa baada ya swala ukafanya hivyo, kisha ukanipigia simu. Ulisema Anwar alibaki mlangoni, hasogei wala haondoki. Bi Mastura akamwambia, "Keti. Habari ya bango ninayo. Barabara nzima imeshanipigia kelele. Nilikuwa nikingoja mwanangu aje anieleze." Hapo Anwar akaketi chini, akaeleza habari ya daktari, akalia kama mtoto. Mama yake akamwacha alie mpaka akamaliza, kisha akasema, "Ukuta wa ubavuni wape. Paa wape wakitaka. Dirisha hili bado nalitumia."

Morgan aliitwa siku hiyo hiyo. Ubavuni hakuna anayepita, kampuni ikakataa, mkataba ukafutwa kwa kuwa sahihi haikuwa ya mwenye nyumba, na Jumamosi mafundi walikuja kung'oa vyuma badala ya kuongeza mabati. Bango limekwenda kwa nyumba nyingine. Mama anakula. Anwar hasemi nawe, na sasa waniuliza kama ulikosea.

Hukukosea. Lakini usitembee nyumbani kama mshindi. Mumeo amepoteza nafasi aliyoitegemea, na ameaibika mbele ya mamake. Mpe muda, usimsimange, wala usimbembeleze kwa kuikana kweli uliyoisema. Kwa Bi Mastura ndiko kwenye msamaha wa kuomba, kwa ule uongo wa rangi. Uombe leo.

Kisha wiki hii mwende na Anwar hospitali ya serikali, mwonane na mtu wa mazoezi ya viungo. Mwombe awafundishe nyote wawili namna ya kumnyoosha mgonjwa, mfanye wenyewe nyumbani asubuhi na jioni. Si sawa na daktari aliyekuwa akimtaka, lakini ni mwanzo, na mwache Anwar awe ndiye anayemshika mama yake mkono. Atapata la kufanya badala ya kununa.

Na akilitaja tena neno la wewe kwenda kwenu, usifunge hata kanga moja. Waite wazee wa pande zote mbili waje wakae naye, waulize ni nani anayefukuza. Nyumba ni ya Bi Mastura, naye hajakuambia uondoke.

Shangazi Rispa