Mangaribi Mwezi Ilikufa Juu ya Mudzipela

Mama yangu mupenzi,

Uko muzima? Na ule mugongo unaokusumbua wakati wa mvua, uliacha kuuma? Miye niko hapa katika mutaa wa Mudzipela na afya iko, ni moshi ya tanuri ya mikate tu njo inanitoa machozi kila asubuhi. Nilitaka kuja kukuona, lakini madereva wanasema barabara bado haiko salama, tungoje. Basi ninakuandikia, kwa kuwa niliona kitu hapa, na nilipokiona nilikuwaza weye.

Ilikuwa siku ya Mungu, mangaribi, tumemaliza kula ugali na majani ya sombe na umeme imekatika. Mwezi ilikuwa imepanda muzima. Mara nikaona upande moja inaanza kulika. Ililika polepole mpaka yote ikageuka nyekundu, sawa kaa la moto linalotaka kuzimika. Nilisimama katika kiwanja nikajikuta niko mutoto tena kule kando ya ziwa, weye umenifunika na kikwembe chako chenye harufu ya samaki ya kukausha, na Baba, Mungu amupumzishe, anapiga beseni na kuita mwezi kule juu: "Rudia! Rudia kwetu!" Unakumbuka? Ulimukaripia kwamba atatoboa beseni, halafu weye mwenyewe ukachukua sufuria ukapiga kumushinda.

Nikiwa katika hayo mawazo, batu wa kule chini wakaanza kupiga sufuria na bidoni tupu za maji, batoto wakipiga kelele. Nilifurahi, Mama. Nilisema: kumbe hata hapa!

Lakini jirani yangu Mama Neema, yule wa Djugu aliyekimbia vita na wajukuu wake wawili, yeye kwao sufuria zikipigwa mangaribi, maana yake adui ameingia. Nilimuona anatoka nyumbani mbio bila viatu, mutoto moja mugongoni, mwingine anamuvuta kwa mukono, anaelekea barabarani penye pikipiki zinapita bila taa. Nilimufuata nikimuita. Nilimushika kikwembe wakati pikipiki moja inatupita karibu kutugonga.

"Niache! Wamefika!"

"Hakuna mutu amefika, Mama. Ni mwezi. Angalia juu!"

"Usinidanganye, mutoto wangu!"

Nilimushika uso kwa mikono miwili nikauinua. Alitazama. Akaketi chini kando ya barabara na kulia. Nami nikaketi. Tulikaa hivyo, batu wanatupita. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Na siye tulikuwa tunapigia mwezi sufuria. Zamani, mbele ya hizi vita. Nilikuwa nimesahau kabisa."

Tulirudi kwangu, nikawapatia wajukuu sufuria na mwiko. Walipiga mpaka mwanga ya mwezi ikaanza kutokea pembeni, na bibi yao akaimba wimbo wa kwao. Sikuelewa maneno, lakini nilipiga makofi.

Kesho yake nilimukuta nyuma ya nyumba na jembe. Tangu afike hapa alikataa kupanda kitu. Ukimuuliza anasema: "Miye niko mupita njia." Sasa alikuwa anasimika vijiti vya muhogo.

"Mama Neema, muhogo inakawia sana kukomaa," nilimuambia.

"Ninajua," alijibu, akaendelea kulima.

Niliingia ndani nikalia kidogo, sijui kama ni juu yake ao juu ya kwetu.

Unisalimie dada yangu mukubwa, yaya Beatrisi, na bwana yake, na mujomba anayetengeneza nyavu. Shangazi wa kwaya ya parokia umuambie kwamba katika misa za huku ninatafuta sauti kama yake, sijaipata. Na ukinijibu, uniambie kama mawingu yaliwaachia mwezi, na kama ulitoka inje kuiangalia.

Mutoto wako anayekutamani,
Furaha