Mama Kwenye Foleni Yangu

Mwenzangu, usinipigie. Nimejifungia kwenye choo cha kanisa, nakuandikia tu.

Leo tulikuwa tunaandikisha familia za kupewa chakula na sare za shule. Mimi niko mezani na fomu. Nasema, "Anayefuata." Anakaa mama yangu.

Mama yangu mzazi. Huyo huyo unayemjua.

Mchungaji amesimama nyuma yangu. Mama akanitazama kama hajawahi kuniona duniani. Shikamoo ikaniganda mdomoni. Akasema, "Endelea na kazi yako, dada."

Dada! Mimi!

Nikauliza ya kwenye fomu. Nyumbani mko wangapi? "Wanne. Nalea watoto watatu wa jirani yangu aliyefariki."

Watatu! Tangu lini? "Tangu mwezi wa tatu."

Swali la mwisho: una mtoto mkubwa wa kukusaidia? "Ninaye mmoja. Ana shughuli nyingi, simsumbui."

Ana shughuli nyingi. Alisema bila kinyongo chochote, na hilo ndilo lililoniua.

Nikaweka kalamu chini. "Mchungaji, huyu ni mama yangu."

Mchungaji akauliza, "Kwa hiyo tumwondoe kwenye orodha?"

"Hapana. Watoto waandikwe. Mniondoe mimi hapa mezani, nimpeleke nyumbani."

Mama akainuka, akaniambia taratibu, "Maliza foleni kwanza, mwanangu. Wenzangu wamesimama tangu asubuhi."

Zimebaki familia kumi na mbili; nanawa uso nirudi mezani. Yeye amekaa kwenye benchi, ananisubiri.