Nyoka Wako na Blauzi Yangu

Wewe binti,

Chai iko kwenye chupa. Nyoka wako usimshike leo. Amekula jana, atatapika.

Boksi hukulifunga, asubuhi nimemkuta kwenye mkoba wangu wa kazi. Nilikwambia umwekee nguo uliyoivaa, azoee harufu yako. Wewe ukaionea huruma fulana yako, ukampa blauzi yangu. Sasa wewe ukimgusa tu anajikunja kutaka kuuma, na mimi nisiyetaka hata kumwona, kajizungusha mkononi mwangu katulia tuli. Nimechelewa kazini kwa kumbembeleza arudi ndani.

~~Jioni anarudi dukani.~~

Mwekee fulana yako leo hii. Blauzi yangu usiitoe lakini, asije akaniulizia.

Mama yenu nyote wawili